CG ya baba mdogo na mkwaju wa Sangasanga

Mara ya kwanza pikipiki ya baba mdogo ilinizimia mbele ya genge la mama mmoja anayekaanga mihogo, barabara ya Iringa, kabla hujafika Sangasanga. Haikupiga kelele. Ilikohoa mara mbili kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema, ikanywea, nikabaki nateleza kimya kimya pembeni ya lami huku malori ya Zambia yakinipita na upepo wake. Nikapiga kiki. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka soli ya kiatu ikaanza kuachia. Yule mama akanitazama, akasema, "Iache ipumzike, mwanangu."

Nikacheka moyoni. Chuma kinapumzikaje? Nikanunua mihogo ya mia tano, nikala taratibu na kachumbari yake, na robo saa ilipopita nikapiga kiki moja tu. Ikawaka kama si yenyewe.

Pikipiki hiyo ni Honda CG125, nyekundu kwa wanaoikumbuka zamani, rangi ya tofali kwa wanaoiona leo. Baba mdogo aliinunua mkononi mwaka 1991, akaipanda miaka 18 akiwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mlali, chini ya milima ya Uluguru. Kila mwisho wa mwezi aliteremka nayo Morogoro mjini kufuata mshahara, akarudi na sukari, betri za redio na magazeti ya wiki nzima. Alipostaafu mwaka 2009 aliiegesha kwenye banda la kuku, kwa muda tu, alisema. Muda huo ukawa miaka 13. Nilipokwenda kuiomba mwaka 2022 nilikuwa sijawahi kufungua hata nati ya baiskeli. Kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta, na spana pekee niliyokuwa naimiliki ni ile ya mtungi wa gesi.

"Chukua," akasema. "Ila usinirudishie vipande kwenye gunia."

Tukaipakia kwenye kirikuu mpaka kwangu Kihonda. Vijana wa kijiweni wakaja kuizunguka. Kiti kilikuwa kimeliwa na panya, kebo ya klachi imeganda, tairi la nyuma limepasuka ubavuni, na juu ya tenki kuku walikuwa wameacha historia yao yote. "Kaka, huyu mgonjwa au marehemu?" mmoja akauliza. Fundi niliyemwita aitazame hakukaa hata dakika tano. Akanishauri nitupe injini, ninunue ya Kichina iliyotumika, laki nne na nusu pamoja na kufunga, na kesho yake niwe barabarani. Ushauri wake ulikuwa wa haki kabisa, na mtu anayetaka usafiri ningemwambia aufuate. Mimi nilitaka kujua kilichomo mle ndani.

Kiki haikushuka hata kidogo. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu, na hapo ndipo watu wengi wanaharibu mashine: wanaipanda kiki kwa miguu miwili na kuruka. Meno ya kiki yakikatika umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Mzee mmoja jirani yangu, dereva wa lori mstaafu, alinielekeza nitoe plagi, nimimine kwenye tundu lake dizeli na oili nusu kwa nusu, vifuniko vitatu vya chupa ya maji, kisha niondoke. Kesho yake niongeze kidogo, niondoke tena. Siku ya sita niweke gia ya juu kabisa, gurudumu la nyuma likiwa limenyanyuliwa, na nilitikise kwa mikono mbele na nyuma. Gurudumu linasukuma pistoni pande zote mbili tena kwa upole, wakati kiki inapiga upande mmoja tu. Siku ya sita nikatikisa mpaka jasho likanitiririka. Siku ya saba kitu kikaachia, kidogo sana, kama jino la mtoto linaloanza kulegea. Jioni ile injini ilikuwa inazunguka.

Nilifurahi, nikakimbilia vifuniko vya pembeni, na hapo nikaharibu skrubu tatu za mwanzo. Jambo hili laiti ningeambiwa mapema. Skrubu za nyota za pikipiki za Kijapani zina nyota yao. Kwa macho zinafanana na hizi za kawaida, lakini ncha ya bisibisi ya dukani inagota chini kabla mabawa yake hayajajaza mtaro, kwa hiyo ukikaza mkono inapanda na kutoka, na kila ikitoka inakula kichwa cha skrubu. Dawa ni kusaga ncha ya bisibisi kidogo tu, milimita isiyotimia, mpaka ikae sawasawa. Kwa zile zilizogoma niliazima bisibisi ya kupiga nyundo, ile inayozunguka yenyewe kila ukiigonga. Zile tatu nilizozila zilinichukua Jumapili nzima na patasi.

Tenki lilikuwa na kutu ya kutosha kupaka ukuta. Nilitia kokoto ndogo na siki lita nne, nikalitikisa asubuhi na jioni kwa siku tatu. Yaliyomwagika kutoka humo yalifanana na majani ya chai, lakini ilikuwa kutu. Kisha nikalisuuza kwa maji ya magadi, haya haya ya kuchemshia maharage, ili kuua ukali wa siki, nikalianika juani na kabla halijapata nafasi ya kushika kutu upya nikalizungushia petroli iliyochanganywa na oili. Mke wangu bado anauliza magadi yake yalikwendaje haraka hivyo.

Halafu kuna nyigu. Wale weusi wanaojenga vyumba vya udongo walikuwa wameziba ekzosi mpaka ndani. Nilitoa udongo wa kujaza kikombe.

Lazima niseme kidogo kwa nini CG, maana watu hudhani pikipiki ya zamani ni ndoto kwa sababu ya spea. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakiilenga hasa nchi kama zetu. Pikipiki zao nyingine za ukubwa huo zilikuwa na kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, juu kabisa kwenye hedi, kichwa cha injini, inaendeshwa na cheni ndani ya injini, na mfumo huo unataka oili safi ibadilishwe kwa wakati. Wahandisi wao waliona watu wanavyozitumia kweli: mizigo kupita kiasi, vumbi, oili inayobadilishwa siku mtu akikumbuka. Wakarudi kwenye mtindo wa zamani. Kemshafti ikashushwa chini, ikazungushwa kwa gia badala ya cheni, na valvu zikasukumwa kwa vijiti virefu. Cheni ya gurudumu nayo wakaifunika kabisa kwa bati ili vumbi lisiione. Wengine waliiona kama kurudi nyuma. Ndiyo injini iliyokuja kunakiliwa China, na ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa vijiweni kwetu, ukizivua nguo, ndani utakuta CG. Kebo, gasketi, ringi, bati za klachi, vyote unavipata mtaani. Ila nenda na kifaa chako mkononi: kipenyo cha pistoni ya CG125 ni milimita 56.5, wakati nyingi za 150 ni 62, na muuzaji mwenye haraka atakupa gasketi ya 150 ukaja kugundua nyumbani kwamba tundu lake linaweza kumeza silinda yako. Mimi niligundulia nyumbani.

Tapeti, ule upenyo mdogo unaoachwa kwenye valvu, nilipimiwa na fundi kwa kipande cha wembe. Nilidhani ni ujanja wa kijiweni mpaka nilipoazima fila geji, vile vibati vya kupimia upenyo: kitabu cha pikipiki kinataka 0.08 ya milimita injini ikiwa baridi, na wembe unakaribia 0.1. Tofauti ni sehemu mbili tu kati ya mia za milimita. Nilirekebisha kwa geji, lakini heshima yangu kwa wembe ilipanda.

Ikaja siku ya kuiwasha. Watu wa ufundi husema injini inadai vitu vitatu, mafuta, moto na mgandamizo, nami nilivipitia kimoja kimoja. Mgandamizo niliupima kwa kidole gumba juu ya tundu la plagi huku jirani akipiga kiki. Kidole kikirushwa, upo. Moto niliutafuta kwa kuilaza plagi juu ya chuma cha injini, kivulini, tukaona cheche. CG za kizamani zinatumia platini, vile vidole viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana kule upande wa magneti, na za kwangu zilikuwa nyeusi, zimeungua. Nikazipiga msasa laini mpaka zikang'aa, nikaweka pengo la milimita 0.35. Kumbuka hizo platini nyeusi. Mimi sikuzikumbuka.

Iliwaka kiki ya kumi na moja. Dizeli niliyomimina ikatoka yote kwa mkupuo, moshi mweupe ukafunika uwanja na nguo za jirani zilizoanikwa, na watoto wakashangilia kama Simba wamefunga. Ikawa inangurumia kwenye choki tu. Ukirudisha choki inakufa. Hiyo ni jeti ndogo ya kabureta, kitundu kinachoipimia injini mafuta, imeziba, kila mtu atakwambia, na atakwambia uichokonoe kwa unyuzi wa kebo ya breki. Usikubali. Jeti ni shaba laini, waya unaipanua na hutaipata tena ilivyokuwa. Niliizibua kwa njiti ya ufagio wa chelewa iliyochongwa, na petroli. Ikatulia, ikanguruma pole pole, duk, duk, duk, mpaka nikasahau kuizima.

Nikadhani nimemaliza.

Baada ya ile siku ya mihogo ilizima tena, na tena. Ikifika sehemu inakufa, inakataa kabisa, halafu baada ya dakika kumi au ishirini inawaka kama haikuwahi kuumwa. Ugonjwa wa namna hii ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu ukiisukuma mpaka kwa fundi inakuwa imeshapona. Fundi anapiga kiki, inawaka, anakutazama wewe.

Nikafungua daftari, nikawa naandika kila safari, umbali nikiupima kwa ramani ya simu. Tenki limejaa, saa nne asubuhi: kilomita 4, imezima. Tenki nusu, saa kumi na mbili asubuhi: nimefika Mzumbe, haikuzima. Tenki nusu, saa saba mchana: kilomita 9. Tenki limejaa, saa kumi na mbili asubuhi: kilomita 5. Nilizitazama zile namba usiku mwingi, nikaona hazina mpangilio wowote. Mpangilio ulikuwepo, tena ilikuwa mipangilio miwili imeandikwa juu ya karatasi moja.

Jirani yangu dereva ndiye aliyetaja mfuniko wa tenki. Petroli inashuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu, hakuna pampu, kwa hiyo kadiri inavyopungua lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Mfuniko una kitundu cha kazi hiyo. Kikiziba, tenki linaanza kunyonya, mafuta yanasita, bakuli la kabureta linakauka, injini inakufa. Ukingoja, hewa inapenya kidogo kidogo pembeni ya mpira, mafuta yanashuka, unawaka. Maelezo yalinikaa vizuri. Nikalegeza mfuniko, nikaufunga kitambaa petroli isirukie miguuni, nikatoka saa saba mchana. Kilomita 11, imezima. Nikarudi nikaandika kwa herufi kubwa: MFUNIKO HAUNA KOSA. Nikaukaza.

Wiki iliyofuata fundi mmoja mjini akashuku kondensa, kile kikopo kidogo kinachokaa pamoja na platini. Nikanunua mpya kwa shilingi 6,000, akafunga. Kwa kuwa safari hii nilitaka jaribio refu la uhakika, nikajaza tenki mpaka shingoni. Kilomita 4, imezima. Nikaandika: KONDENSA HAINA KOSA. Fundi akanishauri turudishe ile ya zamani maana ni "Japani yenyewe", hii ya dukani haina maisha. Ikarudishwa, na mwenye duka akakubali kunirudishia elfu tano.

Unaona nilichofanya. Washtakiwa walikuwa wawili, na kila nilipomweka mmoja kizimbani mwenzake alikuwa nje anatenda kosa lile lile, kwa hiyo wote wakatoka huru kwa ushahidi wangu mwenyewe. Kila anayekufundisha kutafuta ugonjwa wa mashine anakwambia badilisha kitu kimoja kimoja, na mimi nilitii kama mtoto wa madrasa. Kanuni ile ni nzuri. Ila imekaa kama vile mkosaji ni mmoja tu, na mashine iliyokaa kwenye banda la kuku miaka 13 haina sababu ya kuwa na mkosaji mmoja. Siku hizi kitu kizima nikishakifunga sikitoi, hata kama hakijaponya, na neno "hauna kosa" naliandika kwa penseli.

Baada ya hapo nikaanza kununua. Koili 18,000. Plagi mbili na kofia yake. Mpira wa mafuta na chujio. Kabureta nzima ya Kichina 45,000, ambayo ilifanya pikipiki inywe zaidi na kuzima vile vile. Miezi miwili ikapita. Vijana wa kijiweni waliacha kunitania, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi kuliko utani wao.

Baba mdogo alikuja mjini mwezi Septemba kushughulikia macho yake, akafikia kwangu. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hajaketi akaomba aisikie. Nikaiwasha. Akasimama mikono nyuma, kichwa kimeinama, kama anayemsikiliza mwanafunzi akisoma kwa sauti.

"Inanguruma vizuri," akasema. "Hapo Sangasanga unaipumzisha wapi? Ule mkwaju upo bado?"

"Kuipumzisha, baba?"

Akanishangaa kweli kweli. "Si lazima uipumzishe? Pale kabla hujafika kwenye njia panda pana mkwaju mkubwa. Unazima, unafungua mfuniko wa tenki ipumue, unakaa kivulini mpaka ukiigusa injini haikuunguzi. Basi. Unakwenda mpaka Mlali bila tatizo."

"Kila safari?"

"Kiangazi. Kipupwe haihitaji kupumzika, mwezi wa sita, wa saba. Kipupwe mfuniko tu. Na ukiwa umejaza tenki unaufungua mapema zaidi, pale pale mjini. Kwani sikukwambia?"

Hakuniambia, na hakuwa ananificha. Kwake haukuwa ugonjwa. Ilikuwa ndiyo namna ya kuendesha pikipiki ile, kama unavyojua ng'ombe fulani lazima umkamue kutoka kushoto. Miaka 18 alikuwa amebeba hitilafu mbili mwilini mwake, akazigeuza kuwa desturi: kivuli hapa, mfuniko pale. Mtu mzima mwenye subira anaweza kuishi na mashine mbovu mpaka asijue kuwa ni mbovu. Na mimi nilikuwa nimefungua kila nati ya CG ile bila kumuuliza mwenyewe hata swali moja la jinsi alivyokuwa akiipanda.

Nikaleta daftari. Tukasoma pamoja, yeye na miwani yake mipya. Kipupwe mfuniko tu. Hapo namba zikajipanga. Tenki likijaa, juu ya petroli hewa ni kidogo, kwa hiyo hata kikombe kimoja cha mafuta kikitoka mnyonyo unakuwa mkali na injini inakufa mapema. Tenki likiwa nusu kuna hewa nyingi ya kutanuka, inachelewa. Hiyo ni hadithi ya mfuniko, na haijali jua. Ile nyingine haijali kiasi cha mafuta, inajali joto: alfajiri inapita, mchana inaua. Hiyo ni ya umeme.

"Na mpira wa mfuniko huu nani aliufunga?" nikauliza, maana nilikuwa nimeutazama mara ishirini bila kuuona. Ulikuwa mweusi, mnene, umevimba kwa petroli, duara kamili lisilo na tundu.

"Mimi. Niliukata kwenye tyubu ya baiskeli. Ule wa zamani ulikuwa unavujisha, nikafika shuleni nanuka petroli siku ya mkaguzi."

Bado ilibidi kuthibitisha, na safari hii nilijua kwamba pikipiki inahojiwa pale pale inapokufa. Mfukoni nikaweka spana ya plagi, plagi ya akiba na bisibisi. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tenki limejaa, injini bado haijachemka vizuri: kilomita 5, kimya. Sikupiga kiki. Nililegeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta. Yakatoka matone manne, basi. Nikafungua mfuniko: fsss, kama soda. Petroli ikaanza kumwagika miguuni kwangu. Nilicheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu.

Mchana wa siku ile ile, mfuniko umelegezwa, jua la utosi. Ilikufa kabla tu ya mkwaju. Skrubu ya bakuli: mafuta yanatoka kwa nguvu. Mfuniko: hakuna mlio. Nikatoa plagi, nikaweka ile ya akiba, nikailaza kwenye hedi na kupiga kiki kwa mkono. Cheche ilikuwa ya njano, nyembamba, inaruka mara moja kati ya mara tatu. Nikakaa chini ya mkwaju wa baba mdogo dakika ishirini. Nilipopiga tena, cheche imenona.

Kazi ya kondensa ni kuupokea umeme pale platini zinapoachana, usirukie kwenye pengo, ili koili itoe cheche yake kwa mshindo. Ikizeeka, joto linaifungua ndani. Umeme unaruka penye platini badala ya kwenda kwenye plagi, na platini zinaungua zikawa nyeusi. Nyeusi kama zile nilizozipiga msasa siku ya kwanza nikajipongeza. Zilikuwa zimeniandikia barua, nikaifuta kwa msasa.

Duka lile halikuwa na kondensa nyingine. Nilipokwenda Dar es Salaam kikazi nikapita Gerezani, Kariakoo, kwa mzee mmoja anayeuza spea za zamani kwenye makopo ya maziwa. Akanichagulia kondensa ya Land Rover 109, shilingi 5,000. Nikasita. "Injini za platini ni jamaa moja," akasema. "Pikipiki haitajua." Alikuwa sahihi: nyingi ya kondensa hizi zina kipimo kinachokaribiana, microfaradi 0.2 hadi 0.3. Kwa kuwa ni kubwa haikuingia mahali pa ile ya zamani, nikaifunga chini ya tenki karibu na koili, mbali na joto la injini, nikavuta waya. Cheche ikawa ya buluu, inasikika tak. Mpira wa mfuniko nikakata mpya kwenye shiti la gasketi linalovumilia petroli, nikautoboa palipo na kitundu cha hewa kwa sindano ya moto, nikaupima kwa kupuliza kwa mdomo. Kabureta ya baba mdogo nikairudisha. Ile ya Kichina bado iko kabatini kama ushahidi.

Rangi sikupaka. Fundi rangi alikuja na picha kwenye simu, nyekundu inayong'aa na mistari ya dhahabu, nikamshukuru. Kiti nilishonesha, tairi na breki shuu nikanunua mpya, kadi na bima vikashughulikiwa. Mpira wa tope wa nyuma, ulioandikwa kwa mkono HARAKA YA NINI, umebaki ulivyo.

Desemba nilimpelekea Mlali. Alivaa koti lake la zamani, akataka tugeuze mpaka mjini, yeye aendeshe na mimi nikae nyuma. Macho yake sasa yanaona, alisema. Saa nane mchana, kiangazi, tenki limejaa. Aliendesha kama anavyotembea, katikati ya njia yake, bila kubabaika. Tulipotoka Sangasanga nikahisi anapunguza mafuta. Nikamwambia sikioni kwamba haina haja tena, baba, imepona, itafika. Akaitikia kwa kichwa, na akaendelea kupunguza, akatoka lami, akaegesha kivulini chini ya mkwaju na kuizima.

Akashuka. Akafungua mfuniko wa tenki, akainamisha sikio, akasikiliza.

"Haisemi kitu," akasema.

Akaufunga, akakaa kwenye mzizi, akaanza kuniuliza habari za watoto.